Mwaka Papa Anselme Alipotunyima Maneno

Papa Anselme tumemzika mwezi huu, kule kambini wilayani Kasulu alikoishi tangu alipovuka ziwa kutoka Kongo akiwa bado na nywele nyeusi. Niliondoka kwangu Nyakitonto alfajiri, nikafika jeneza likiwa limeshatolewa nje na kuwekwa juu ya meza mbili za shule. Wasemaji walikuwa wengi, kama ilivyo kwenye msiba wa mtu aliyejulikana. Mmoja alisema marehemu alikuwa mcheshi. Mwingine akasema aliwafundisha vijana kusema mbele za watu bila woga. Nilikuwa nimekaa jamvini upande wa wanawake, na nyuma yangu, ameegemea nguzo ya turubai, alisimama Nestori, mwenzangu wa zamani, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Siku hizi ana kitambi, ana mke Mha na duka la vipuri vya baiskeli Kibondo mjini. Akainama, akaninong'oneza kwa Kirundi, "Dafroza, umesikia? Eti alitufundisha kusema." Sikugeuka. Nilijua nikimtazama tutalia wote wawili, na wale wasemaji wangedhani ni hotuba zao zilizotufanya tulie. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nauwaza mwaka ule mmoja. Waliomsifu walimsifu kwa wema, lakini mtu waliyemzika wao na mtu niliyemzika mimi hawakufanana sana.

Mwaka ninaousema ni wa tisini na saba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina mbele wala nyuma, nikapata kibarua cha ukalimani katika kambi mojawapo ya Warundi upande wa Kibondo, kwa sababu Kiha nilichozaliwa nacho na Kirundi chao ni mtu na ndugu yake. Nilipanga chumba nyuma ya duka la Bi Zuhura, mama wa watu wa Tanga aliyeletwa Kibondo na biashara ya mumewe. Kilikuwa chumba chenye dirisha dogo lililotazama ghala, na harufu ya mafuta ya taa na tende iliingia mpaka kwenye shuka. Asubuhi, kabla lori la kutupeleka kambini halijapita, Bi Zuhura alinimiminia chai ya tangawizi na kunikatia chapati, akiwa amekaa kwenye kigoda na kanga yake mabegani kwa sababu ya baridi ya kule juu, ambayo hakuwahi kuizoea. "Hebu nieleweshe, mwanangu," aliniambia siku moja. "Watu wamepoteza makwao, wengine wamezika njiani, halafu nyinyi mnawapelekea mchezo?" Nikamjibu ni maigizo, ya kufundisha. "Kufundisha nini?" Nikasema usafi, malaria, ugomvi wa nyumbani. Akakung'uta unga mikononi. "Haya. Mtu mzima aliyekimbia vita afundishwe kunawa." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwingine, na mimi nikainamia kikombe changu, kwa kuwa kwa kweli hata mimi sikujua tunafanya nini.

Kikundi chetu cha maigizo, cha Warundi watupu isipokuwa mimi mkalimani, kilifanyia mazoezi katika darasa la matofali mabichi lililoezekwa turubai. Jua likipiga, ndani kulikuwa na mwanga wa bluu, na nyuso zetu zote zilionekana kama za wagonjwa. Hatukuwa na maandishi. Tulikubaliana habari tu, mume mlevi, mke, jirani mwenye busara, na mwishoni mume anatubu, kisha kila mmoja anajitungia maneno papo hapo mbele ya watu. Nestori ndiye aliyekuwa mume kila siku. Alikuwa kijana mrefu mwenye sauti kama ya katekista, na maneno yalimtoka bila kukatika, mithali juu ya mithali. Wenzake walisimama kwenye mstari wakimtazama, mikono ikining'inia, wakingoja apumue ili wachomeke neno, na mimi nilikaa pembeni. Watu walikuja kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kutazama. Baada ya muda mfupi wanawake walirudia kusukana nywele, wazee wakaanza mazungumzo yao, na watoto wakatawanyika. Tulimaliza, tukapigiwa makofi ya adabu, tukaenda kula.

Ndipo ofisi iliyotuajiri ikamleta Papa Anselme kutoka kambi ya Wakongo ya Kasulu. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la suti lililopauka na viatu bila soksi. Kwao Uvira alikuwa mwigizaji. Alikaa kwenye tofali akatazama igizo letu lote, mikono katikati ya magoti. Tulipomaliza alisema kwa kile Kiswahili chao, "Muko nasema mingi. Kinywa inakimbia, mwili inalala. Huyu bwana amelewa, lakini miguu yake haijalewa. Huyu bibi anaogopa, lakini mabega yake haiogope." Nikatafsiri. Nestori, aliyekuwa bado anahema kwa hotuba yake, akasema niulize watu watajuaje tumekuja kuwafundisha nini kama hatusemi. Papa Anselme hakungoja tafsiri. "Kesho hakuna maneno," alisema. "Silansi. Tutacheza tu, sawa batoto," yaani kama watoto. Siku ile nilifurahi kimoyomoyo, nikidhani kazi yangu imekuwa rahisi. Lakini mkalimani asiye na maneno ya kutafsiri hana sababu ya kukaa pembeni, na kesho yake Papa alinishika mkono akanivuta ndani ya duara pamoja na wenzangu.

Tulianza na mpira wa majani makavu ya migomba. Anayerusha sharti amtazame machoni anayemrushia, na asirushe mpaka amwone yule mwingine yuko tayari. Kisha Papa akauchukua mpira akautia mfukoni, akasema tuendelee. Tukarusha hewa. Mwanzoni ilikuwa aibu tupu, watu wazima wanadaka kisichokuwepo, na wapita njia wakichungulia mlangoni. Lakini taratibu ulijua huyu kakurushia mzito, yule kakurushia wa juu, na mikono ilijibu kabla akili haijauliza. Baada ya mpira ikaja kamba. Tuligawanyika pande mbili tukaambiwa tuvutane kwa kamba ambayo haipo, na sheria yake ni moja tu, kamba haiwezi kurefuka. Upande mmoja ukivuta, wa pili lazima usogee. Nestori hakukubali kusogea. Kila upande aliokuwepo ulishinda, na upande wa pili nao ukashinda, na ile kamba ikarefuka katikati kama ulimi wa kinyonga. Papa Anselme alisimamisha mchezo. "Nestori, kama weye unashinda kila siku, kamba iko wapi? Hakuna kamba. Kuko Nestori tu." Ilimchukua siku nyingi. Siku aliyokubali kuvutwa alianguka mwereka puu, akawaburuta wote waliokuwa nyuma yake, na vumbi lilipotulia tulikuwa tumelala chini tunacheka, kila mtu akitazama mahali pale pa wazi kati yetu ambapo sote tungeweza kuapa kwamba palikuwa na kamba.

Baadaye nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na bado nafundisha mpaka leo, na nimewaona watu wengi wakihimizana darasani "kuwa jasiri" na "kutoa sauti". Sijawahi kuona lililofanya kazi kama ile michezo. Ilitunyang'anya ule muda wa kujitazama. Mtu anayengoja mpira hana nafasi ya kujiuliza anaonekanaje. Tuliporudi kwenye maigizo, Papa alitaka kila onyesho lianze na kazi ya mikono, na neno lije pale tu ambapo haliwezi tena kuzuiliwa. Kwa hiyo badala ya Nestori kutangaza kwamba amelewa, alijaribu kufungua kufuli la mlango wake, na mkewe ndani alikuwa anasikiliza ule ufunguo ukikosa tundu. Hakuna aliyesema lolote kwa muda mrefu. Siku tulipolionyesha lile hadharani nilimwona mwanamke mmoja mbele kabisa, mikono yake imekwama kwenye nywele za mwenzake, kitana kimesimama hewani.

Mchana nilikula kwa Konsolata. Alikuwa mwenzetu kikundini, mjane wa umri wa miaka ishirini na kitu, mpole, mtu wa kujibu "ego", yaani ndiyo, na kuishia hapo. Katika maigizo ya zamani alikuwa jirani asiye na maneno. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka darasani, vyumba viwili vya udongo vyenye ukuta usiofika juu, na aliishi na mama mkwe wake, Bibi Marsiana. Tulikula ugali wa unga wa njano wa mgao na maharage yasiyoiva vizuri hata yachemke asubuhi nzima, na mara nyingine Bibi Marsiana alitoa kwenye kibuyu chake pilipili za mafuta alizotengeneza mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi sana, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alinipenda kwa sababu Kiha changu kilimchekesha. Baada ya kula nilijilaza chumba cha mbele kupisha jua, na wao wakabaki chumba cha pili, na kwa kuwa ukuta haukufika juu nilisikia kila kitu.

Walizungumza habari moja kila siku. Inesi, mtoto wa Konsolata, mjukuu pekee wa Bibi Marsiana, alifariki njiani walipokuwa wakikimbia. Bibi alikuwa amevuka mpaka mapema na kundi jingine. Konsolata alifika baadaye peke yake, akamwambia kwamba mtoto alishikwa na homa na amezikwa kwenye uwanja wa kanisa dogo, karibu na mto. "Niambie tena," ilikuwa sauti ya Bibi. "Msalaba wake ni wa mti gani?" Konsolata akajibu ni wa mti wa mkaratusi. "Na padri alikuwepo?" Padri hakuwepo, alikuwepo katekista. "Walimfunika na nini?" Na kitenge changu cha kijani. "Cha kijani. Vizuri." Mwanzoni niliyasikia maongezi yale kama sala. Kisha nikaanza kugundua kwamba kaburi lile lilikuwa linakua. Mara lilipata ua wa miti, mara mama mmoja wa jirani aliyeahidi kulipalilia. Na mwaka ule watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba njia ya upande ule imetulia na wapo wanaorudi kutazama mashamba. Mchana mmoja nikamsikia Bibi Marsiana akisema, "Mvua zikikatika, mukazana wanje, mkwe wangu, utanipeleka. Nataka nipalilie mwenyewe. Sitaki mtu wa kuahidi." Upande wa pili wa ukuta nikasikia Konsolata akikusanya vyombo.

Wiki zile Papa Anselme alikuwa ametuletea mchezo wa mzigo. Kila mtu abebe kitu kisichokuwepo, avuke nacho darasa, na wenzake wajue ni nini na kina uzito gani kwa kutazama mgongo, magoti na pumzi zake tu. Nestori alibeba mtungi wa pombe, tukacheka. Mimi nilibeba kuni, nikaambiwa ni kuni za mtu asiyewahi kubeba kuni. Konsolata alipofikiwa alisimama kwanza. Akainama, akarusha kitu mgongoni kwa mkono mmoja na kukishika kwa mwingine, akakaza kitenge hewani juu ya matiti. Hakuna aliyehitaji kukisia. Akatembea. Katikati ya darasa mkono wake ulirudi nyuma, kule ambako mguu wa mtoto unaning'inia kiunoni pa mama, akaugusa, akasimama. Akaugusa tena. Akatoka nje ya mlango na hakurudi siku ile. Papa Anselme alituambia mchezo umekwisha, twende nyumbani, na nikamwona akibaki amesimama mahali alipokuwa amesimama Konsolata, akitazama sakafu.

Siku chache baadaye tulikuwa tunachambua maharage, mimi na Konsolata, tumekaa chini kila mmoja na ungo wake. Bibi alikuwa ameenda kwenye ibada. Konsolata alisema bila kuinua macho, "Hakuna kanisa." Nikadhani sijasikia. "Hakuna katekista, hakuna msalaba. Alikufa mgongoni, Dafroza. Nilihisi amekuwa mzito, halafu nikahisi amekuwa baridi. Watu walikuwa wanakimbia, risasi zinalia kilimani. Nilimweka pembeni ya njia nikamfunika majani. Sikuwa na jembe." Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage. "Ningemwambiaje mama aliyenipa mwanawe anioe, mwanawe akafa, nikabaki na mtoto wake tu, na huyo mtoto nimemwacha kama mbwa?" Kisha akaweka ungo chini, akanitazama. "Wewe kazi yako ni kuchukua neno la mtu na kulifikisha kwa mwingine. Nichukulie hili."

Nilijaribu. Nilimfuata Bibi Marsiana siku iliyofuata, amekaa nje anaanika mihogo, nikakaa karibu naye nikasaidia kugeuza vipande. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kwa Kiha tangu alfajiri. Lakini kabla sijafungua kinywa yeye akaanza kunieleza habari za kaburi, mti wa msalaba, ua, kitenge cha kijani, kama mtu anayemweleza mgeni kuhusu shamba lake zuri. Alisema kwa furaha. Nikageuza mihogo yote mpaka hapakuwa na wa kugeuza. Niliporudi nilimwambia Konsolata kwamba nimefikisha maneno mengi ya watu, ila hili halina mtu wa kulibeba badala yake. Akatikisa kichwa polepole. "Najua," akasema.

Jumapili moja baada ya ibada tulifanya onyesho kwenye uwanja wa mgao. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa sababu sifa za lile igizo la ufunguo zilikuwa zimeenea. Papa Anselme alikuwa ameanzisha desturi ya kuwauliza watazamaji wenyewe wanataka kuona nini, kisha sisi tukacheza hapo hapo. Watu walipendekeza ugomvi wa bombani, harusi, mwizi wa kuku. Tulicheza ugomvi wa bomba wakacheka mpaka wakashika mbavu. Halafu mwanamume mmoja wa makamo, amesimama nyuma na mkongojo, akapaza sauti, "Tuonyesheni siku tuliyotoka!" Kicheko kikakatika. Papa alinigeukia nimtafsirie, ingawa nadhani alikuwa ameshaelewa kwa kuutazama umati. Nilipomwambia alipangusa uso kwa kiganja. "Hapana," akaanza kusema, "hii, hapana, tuchague ingine." Lakini Konsolata alikuwa ameshaingia katikati ya duara. Alisimama pale, akarusha mzigo mgongoni, akaukaza.

Nestori aliingia wa pili, akambeba mzee asiyekuwepo. Tukaingia wote. Papa alikuwa ametufundisha kutembea mahali pamoja kama mwili mmoja, mabega yakigusana, pumzi zikifuatana, na hivyo ndivyo tulivyokimbia siku ile, bila kusogea na bila kutoa sauti. Umati wote ulinyamaza hata nikasikia turubai za nyumba zikipigwa na upepo. Kisha nikahisi begani kwangu kwamba Konsolata amesimama. Mkono wake ulikwenda nyuma, ukagusa mguu. Akagusa tena. Akafungua kitenge, akamzungusha mtoto mbele, akaweka shavu lake kwenye kinywa cha mtoto kutafuta pumzi. Sisi wengine ilitubidi tuendelee, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku ile, watu waliendelea, na kila tulivyokimbia ndivyo tulivyomvuta, na yeye akatazama huku na huku akitafuta mahali. Akapiga magoti. Akalaza. Akang'oa majani ambayo hayakuwepo, akafunika, akafunika, akavunja tawi akaliweka juu. Kisha akasimama akatufuata. Mikono yake ilikuwa imebaki wazi mbele ya kifua.

Sikumwona Bibi Marsiana alipoinuka. Nilimwona akiwa tayari ndani ya duara, anatembea moja kwa moja hadi pale. Konsolata alimwona akasimama. Bibi alitazama ardhi ile nyekundu iliyokanyagwa. "Ni hapa?" akauliza. Hakuuliza kwa sauti kubwa. "Ni hapo, Mabukwe," Konsolata akamjibu mama mkwe wake. Yule mama akapiga magoti kwa shida, akaondoa majani, moja moja, akatia mikono yake mikubwa chini ya kitu, akakiinua. Akakitupa mgongoni, akavua kitenge chake kwa kweli, akakifunga. Halafu akatoka. Watu walimpisha njia kwa upana kama anavyopishwa mwenye msiba. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamume wa mkongojo alikuwa amekaa chini, amefunika uso.

Nestori alimrukia Papa Anselme kwa maneno tuliporudi darasani. "Ni wewe! Na michezo yako! Tulipokuwa tunasema hakuna aliyeumia." Papa hakujitetea. Kesho yake aliniomba niende naye kwa Bibi, na hiyo ndiyo tafsiri ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, kitenge bado kimefungwa, kitupu, amejikunja mbele kama abebaye mtoto. Papa alichuchumaa, kofia mikononi. "Mama, miye ninafungua mlango, sijue nyuma yake kuko nini. Naomba rehema." Bibi alisikiliza tafsiri yangu hadi mwisho. "Mwambie," akasema, "nilikuwa na kaburi. Lilikuwa na ua. Sasa sina." Nilipomaliza kumwambia, Papa aliinamisha kichwa. Bibi akaendelea, taratibu, "Mwambie pia nilijua. Kaburi la kweli halibadiliki kila siku. Nilikuwa nikiuliza ili nimkamate na uongo, halafu nikawa nauliza ili anidanganye tena." Papa alilia. Wanaume wa kwetu hawalii mbele ya wanawake, na Bibi Marsiana alimtazama kwa mshangao kidogo, kisha akamwambia ainuke, vumbi litamharibia koti.

Hakumsemesha Konsolata. Alitembea kambini na kitenge kile kitupu mgongoni, kwenda bombani, kwenda kwenye mgao, na watu wakasema mama wa watu amerukwa na akili. Konsolata alimfuata nyuma kila alikoenda, kwa umbali. Alipika, akaweka chakula, Bibi akala kidogo ndani peke yake. Mazoezi yalisimama. Niliendelea kuja, nikakaa na Konsolata, na huko kukaa tu nako nilikuwa nimejifunza pale darasani. Kisha alasiri moja, mawingu yakiwa yamejaa upande wa Burundi, Bibi alisimama ghafla katikati ya ua. Alikuwa amechoka. "Mukazana wanje," akaita. "Nipokee." Konsolata alikwenda mbio, akasimama nyuma yake, akaweka mikono yote miwili chini kama inavyowekwa mtu anapopokea mtoto aliyelala, na Bibi akainama, akafungua fundo. Kitenge kilianguka mikononi mwa Konsolata. Walisimama hivyo wakikitazama. Bibi akaingia ndani akatoka na jembe.

Walichimba nyuma ya nyumba, wakipokezana. Nestori alikuja, akataka kusaidia, Bibi akamkatalia, kisha akamruhusu kupanua shimo upande wa miguuni. Katekista wa kweli aliitwa. Walizika kile kitenge, na majirani wakakaa nao ikiriyo, yaani matanga, wakaleta kuni na unga kama kwa maiti yoyote. Papa Anselme alikuja, akakaa upande wa wanaume. Baadaye kikundi kilianza tena, na yeye aliendelea na michezo yake, lakini tangu hapo kabla ya kuuliza watazamaji wanataka nini alituuliza kwanza sisi kila mmoja asichotaka kukibeba siku hiyo. Konsolata aliigiza nasi mpaka mwisho wa mwaka. Mwaka uliofuata mimi niliondoka kwenda chuo cha ualimu. Yeye na Bibi walirudi kwao miaka kadhaa baadaye, pamoja, na Nestori anasema Bibi alifia nyumbani kwake, kitandani, na Konsolata yuko mpaka leo, ana shamba la kahawa.

Lakini ninachokisikia zaidi kutoka mwaka ule ni siku ya kumaliza matanga. Majirani walikuwa wameondoka. Nilikuwa nimejilaza chumba cha mbele kama zamani, na wao walikuwa upande wa pili wanapakua chakula. Bibi Marsiana akasema, "Inesi aliniita?"

"Hapana, Mabukwe. Aliomba maji."

Kijiko kikasimama kwenye sufuria.

"Ulikuwa nayo?"

"Kidogo. Kwenye kibuyu."

"Ulimpa?"

"Nilimpa yote."

Mvua ikaanza juu ya turubai. "Basi," akasema Bibi. "Sogeza sahani yako, mwanangu, ugali unapoa."